Anayehojiwa Baada ya Mechi

Mwamuzi akipuliza filimbi ya mwisho, mtu anayesukumwa mbele ya maikrofoni ni mmoja tu, naye ni kocha. Akishinda atasema vijana wamepambana na wamefuata maelekezo. Akifungwa atasema tumepoteza umakini, tumefanya makosa binafsi, tunarudi uwanja wa mazoezi kuyafanyia kazi. Maneno haya tumeyazoea kiasi kwamba shabiki anaweza kuyamalizia kabla kocha hajafungua kinywa. Na sisi tulio upande wa redio tunayapokea kana kwamba ndiyo maelezo ya mchezo, tunaita wachambuzi, tunapanga lawama: huyu beki amechoka, yule straika hana njaa ya mabao. Ninachotaka kukieleza leo ni kwamba katika ligi yetu kocha huwa ameamua sehemu ndogo tu ya kilichotokea uwanjani. Walioamua sehemu kubwa wamekaa jukwaa kuu, na mechi ikiisha wanapanda magari yao bila kuulizwa neno.

Ushahidi wa kwanza hatuhitaji kuufuata mbali, maana ni wa timu ya mkoa wetu. Agosti 2023, klabu iliyokuwa ikiitwa Kitayosce, jina iliyokuja nalo kutoka Kilimanjaro, ilianza maisha ya Ligi Kuu kama timu ya Tabora kwa kucheza na Azam katika uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam. Iliingia uwanjani na wachezaji wanane, kwa sababu wengine walikuwa hawajakamilishiwa usajili na vibali. Wanane dhidi ya kumi na mmoja! Azam wakafunga mabao manne kwa haraka, matatu yakiwa ya Feisal Salum, kisha wachezaji wawili wa upande wetu wakashindwa kuendelea. Wakabaki sita, na kanuni inataka timu iwe na wachezaji wasiopungua saba. Mechi ikavunjika kabla haijafika hata nusu saa. Sasa, msikilizaji, hebu mweke kocha wa siku ile mbele ya maikrofoni umuulize kuhusu umakini wa mabeki wake, au mbinu yake, au kwa nini kiungo hakurudi kukaba. Kila swali la kiufundi lingekuwa kejeli. Mechi ile ilichezwa mezani wiki kadhaa kabla, kwenye mafaili na malipo, na ikapotezwa huko huko.

Utasema huo ni mfano uliopita kiasi, hautokei kila wiki. Kweli hautokei kila wiki, lakini ndio unaoonyesha waziwazi jambo ambalo siku nyingine hufichwa na idadi kamili ya wachezaji. Timu inaweza kuingia na watu kumi na mmoja, na bado wanne kati yao wakawa wamesajiliwa siku ya mwisho ya dirisha bila kufanya mazoezi na wenzao, wawili wanadai mishahara, na mmoja amewekwa nje ya nafasi yake kwa kuwa anayestahili nafasi hiyo hakununuliwa. Kwa macho ya jukwaani timu imekamilika. Kocha anajua haijakamilika, na hawezi kusema, kwa sababu waliompa kazi ndio waliomletea kikosi hicho. Basi anatafuta maneno, na maneno yaliyo karibu zaidi ni yale ya kumgusa mchezaji.

Tabora United, kama ilivyokuja kuitwa, ilimaliza msimu ule wa 2023/24 ikicheza mechi za mchujo ili isishuke daraja, ikanusurika. Msimu uliofuata, tarehe 7 Novemba 2024, Nyuki wa Tabora wakarudi Chamazi, uwanja ule ule, safari hii mbele ya Yanga, mabingwa watetezi. Wakashinda 3-1. Nelson Munganga akafungua, Offen Chikola akaongeza mawili, na la Yanga likaja jioni kabisa kupitia Clement Mzize. Vijiwe vyote vya mkoa huu vilikuwa na mada moja tu wiki ile. Lakini tulia kidogo uulize ushindi huo ulikuwa wa nani. Kocha aliyekaa benchi, Anicet Kiazmak kutoka Kongo, alikuwa mgeni kabisa. Mkenya Francis Kimanzi, aliyeanza nao msimu, alikuwa ameondoka mwezi Oktoba. Kikosi kilikuwa kimeshasajiliwa na kufundishwa kabla Kiazmak hajaingia. Kama matokeo ni ya kocha, ushindi ule tumwandikie yupi: aliyefundisha akaondoka au aliyefika akashangiliwa? Jibu la haki ni kwamba sehemu ni ya wote wawili, na sehemu kubwa kuliko zao ni ya kikosi chenyewe, ambacho sasa kilikuwa kikosi kweli. Kati ya Agosti 2023 na Novemba 2024 kilichobadilika zaidi ya vyote ni kwamba majina yalikuwa kamili kwenye karatasi na miguu ilikuwa kamili kwenye nyasi.

Upande wa pili wa mechi hiyo ndiko hoja inakokuwa kali zaidi. Yanga walikuwa wameanza msimu huo kwa kushinda mechi nane mfululizo bila kuruhusu bao hata moja. Kisha wakafungwa na Azam 1-0, beki wao Ibrahim Bacca akatolewa kwa kadi nyekundu, na bila yeye wakaja kufungwa na Tabora United. Siku chache baadaye Miguel Gamondi, Muajentina aliyewapa ubingwa wa 2023/24 na kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akaoneshwa mlango. Akaja Sead Ramović, naye akaondoka Februari 2025 kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu katika msimu mmoja, na mwisho wake Yanga wakawa mabingwa kwa pointi 82, wameshinda mechi 27, sare moja, wamefungwa mbili. Mbili hizo ni zile zile za Gamondi, na msimu mzima hapakuwa na ya tatu. Timu inayoshinda na Muajentina, ikashinda na Mbosnia, ikashinda na Mfaransa mwenye asili ya Algeria, inatuambia nini kuhusu uzito wa mtu anayesimama kando ya mstari? Inatuambia kwamba chini ya makocha wote watatu kulikuwa na kitu kimoja kilichokuwa hakihami: kikosi kipana, mishahara inayolipwa, na benchi la akiba ambalo timu nyingi za ligi hii zingelifanya kikosi cha kwanza. Na kama tungetaka ushahidi kwamba aliyefukuzwa hakuwa amesahau kazi, mwaka haujatimia shirikisho la soka nchini, TFF, lilimkabidhi huyo huyo Gamondi timu ya taifa, Novemba 2025.

Katika kujiuliza uzito wa kocha sisi si wa kwanza. Wamarekani wana mchezo wao wa besiboli, ambao hapa kwetu unachezwa katika shule chache, Azania ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Kule timu ya ligi kuu inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, na meneja wa timu, ambaye ndiye kocha kwa lugha yetu, anakaa mbele ya waandishi baada ya kila mechi. Mtu anayelazimika kuzungumza mara 162 hujifunza upesi kwamba hawezi kulia kila jioni. Mwaka 2024 Los Angeles Dodgers walikuwa na rekodi bora kuliko wote na wakachukua ubingwa, na katika msimu huo huo walifungwa mechi 64. Chicago White Sox wakafungwa mara nyingi kuliko timu yoyote ya zama hizi, mara 121, na bado walishinda mara 41. Yaani bora wa bora anafungwa zaidi ya mara sitini, na mbovu wa wabovu anashinda zaidi ya mara arobaini. Aliyeona tarakimu hizo hawezi tena kuhukumu mchezaji kwa jioni moja.

Kuna mzee mmoja katika historia ya mchezo huo ambaye maisha yake ni kama jaribio lililofanywa kwa ajili ya mjadala wetu. Connie Mack aliiongoza Philadelphia Athletics kwa miaka hamsini, 1901 hadi 1950, akiwa amevaa suti na tai badala ya sare ya timu. Hakuna meneja aliyeshinda mechi nyingi kama yeye: 3,731. Wala hakuna aliyefungwa nyingi kama yeye: 3,948. Mwaka 1914 timu yake ilishinda mechi 99 na kuongoza ligi yake. Baada ya hapo nyota wake wakaondoka mmoja baada ya mwingine, wengine kwa kuuzwa, kwa sababu fedha zilikuwa zimebana. Mwaka 1915 timu ikashinda mechi 43 tu, na 1916 ikashinda 36 na kufungwa 117. Kichwa kilikuwa kile kile, busara ile ile, suti huenda ile ile pia. Alipoweza kununua wachezaji tena, akarudi kuwa bingwa wa dunia mwaka 1929 na 1930, na hali ya uchumi ilipoharibika akawauza tena, akarudi mkiani. Lakini angalia tofauti moja kati yake na kocha wa Kitayosce siku ile ya Chamazi: Mack alikuwa pia mmoja wa wamiliki wa klabu. Aliyeuza wachezaji na aliyefungwa mechi walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo mwandishi aliyemuuliza kwa nini mmefungwa alikuwa anamuuliza mhusika. Kwetu watu hawa wawili wametenganishwa, na maikrofoni inamfuata asiye na kalamu ya kusaini.

Najua jibu litakalokuja. Mtu atasema: kwa hoja hii kocha hana maana, tuwaache wachezaji wajipange wenyewe. Sivyo. Kocha ndiye anayechagua nani aanze, timu ikabie juu au ishuke, nani aingie dakika ya sitini, na maamuzi hayo hutofautisha sare na ushindi kati ya timu zilizokaribiana. Kocha mbaya pia anaweza kuharibu kikosi kizuri. Nisemacho ni kipimo cha kumpimia. Tumuulize yaliyo mikononi mwake: kwa nini ulimwanzisha huyu, kwa nini ulibadilisha umbo la timu, mlifanyia mazoezi lini mipira ya adhabu. Tusimuulize kwa nini hana straika wa pili, maana atalazimika ama kumsema vibaya bosi wake ama kumsema vibaya straika wa kwanza, na kila mmoja wetu anajua atachagua nini.

Wengine watasema kwamba kumkemea mchezaji hadharani kunasaidia, na wana mifano: kocha amewaka, mechi inayofuata kijana amefunga mawili. Mifano hiyo ni ya kweli ila haithibitishi wanachodhani. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia wa Israeli aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi. Akawaambia sifa hufundisha kuliko kemeo. Mkufunzi mmoja akampinga: sisi tukimsifu rubani aliyefanya vizuri, mara inayofuata hufanya vibaya zaidi, na tukimkaripia aliyevurunda, mara inayofuata hufanya vizuri. Kahneman akagundua kwamba mkufunzi ameona sawasawa lakini ametafsiri vibaya. Aliyefanya vizuri kupita kawaida yake atarudi kwenye kawaida hata usipomsifu, na aliyevurunda kupita kawaida yake atapanda hata usipomkaripia. Kemeo linachukua sifa ya jambo ambalo lingetokea lenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kubadilisha kocha. Timu hufukuza kocha ikiwa imefika chini kabisa, na kutoka chini kabisa njia iliyobaki mara nyingi ni ya kupanda. Yanga hawakufukuza baada ya ushindi wa nane. Walifukuza baada ya vipigo viwili, na timu yenye kikosi kile ilikuwa lazima irudi kushinda, awepo nani awepo.

Hapa Urambo, mkoani Tabora, tuna kumbukumbu iliyo kubwa kuliko mpira ya lawama kumwangukia asiyeamua. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza ilikuja na mpango wa karanga, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu. Ramani yake ilichorwa mwaka 1946 na ujumbe uliozunguka nchi kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha London ikaamua zaidi ya ekari milioni tatu zilimwe. Matrekta yakavunjikia kwenye visiki, ardhi ya Kongwa ikawa ngumu kama saruji mvua ilipokata, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza pauni milioni 36. Dereva wa trekta alionekana mzembe, na msimamizi wa shamba alionekana mzembe, kwa sababu wao ndio waliokuwa shambani pale jembe lilipokatika. Kosa lilikuwa limeshasafiri kwa meli na treni kutoka mezani lilikoandikwa. Mkulima wa wilaya hii aliyekuja kustawisha tumbaku katika ardhi hiyo hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba shamba haliharibiwi na dereva peke yake.

Pingamizi lililobaki ndilo zito, nami sina haja ya kulikwepa. Viongozi wa klabu zetu nyingi wamekuwa wakijitolea fedha zao. Timu ya Tabora ikienda kucheza Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita mia nane, hoteli, chakula, basi, na mapato ya mlangoni Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mara nyingi hayalingani na gharama hizo. Ukimburuza mtu wa namna hiyo mbele ya maikrofoni kila wiki, atasema basi, timu chukueni wenyewe. Hilo ni kweli kwa klabu inayoishi kwa mfuko wa mtu mmoja, na ningekubali kulegeza masharti kwa klabu hiyo. Lakini hata yeye anaweza kujibu mara mbili kwa mwaka, dirisha la usajili likifungwa. Wachezaji wangapi wameandikishwa, wangapi vibali vyao bado, mishahara imelipwa hadi mwezi gani. Anayejitolea hadharani haumizwi na maswali hayo. Huenda hata yakamsaidia, kwa maana mashabiki wataona mzigo ulivyo badala ya kudhani timu inaendeshwa kwa dua.

Kwa timu yetu, udhuru huo umekwisha kabisa. Mwaka 2025, baada ya msimu uliowaweka Nyuki nafasi ya tano, klabu ilichukuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania na sasa inaitwa TRA United. Mmiliki ni taasisi ya umma ambayo kazi yake ya kila siku ni kudai watu waoneshe hesabu. Haitakuwa ajabu basi nayo ikiombwa kuonesha za kikosi. Aprili 2025, kabla ya jina kubadilika, Yanga walikuja Ali Hassan Mwinyi wakalipiza kwa 3-0, na jioni ile kocha ndiye aliyeeleza, kama kawaida, huku mashabiki wakitoka uwanjani wanataja majina ya mabeki. Mechi ya namna hiyo ikija tena, na itakuja, ningependa mwandishi wa kwanza kunyoosha mkono asimwelekee kocha. Aulize kama mtendaji mkuu wa klabu yupo ukumbini, na kama yupo, amuombe asogee karibu na maikrofoni, aanze na mabeki: ni wangapi aliowaomba kocha mwezi Julai, na ni wangapi walioletwa.